Namba Zisizolingana

Bisibisi imeua bastola nyingi za zamani kuliko kutu. Hilo lilikuwa somo la kwanza nililopewa na mzee mmoja wa Connecticut, fundi mstaafu wa kutengeneza zana, aliyekuwa akirekebisha bastola za Colt za karne ya 19 katika chumba cha chini cha nyumba yake. Bisibisi ya dukani ina ncha inayonenepa kadiri inavyopanda, lakini mfereji wa skrubu ya Colt ni mwembamba na kuta zake zimesimama wima. Ukizikutanisha, ncha inagusa midomo ya mfereji tu. Ukikaza mkono, bisibisi inapanda, inateleza, na kuacha jeraha linalong'aa katikati ya chuma kilichotumia zaidi ya miaka 100 kupata rangi yake. Mzee alikuwa na bisibisi zake kwenye kibao chenye matundu, kila moja ameisaga mwenyewe mpaka ikaenea mfereji wa aina moja ya skrubu. Hakuniruhusu kufungua chochote mpaka niliposaga za kwangu.

Kilichonifikisha kwake ni kazi. Ufundi wa kukereza vyuma niliupata Tanga; Marekani nikaajiriwa katika karakana ndogo nje kidogo ya Hartford, mji mkuu wa jimbo la Connecticut, tukikata vipuri kwa ajili ya viwanda vikubwa. Ukipita barabara kuu ya pale mjini utaona kuba la buluu lenye nyota za dhahabu, na kileleni farasi mdogo aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Hilo ni paa la kiwanda cha zamani cha Samuel Colt. Kiwanda kiliungua mwaka 1864, miaka miwili baada ya Colt kufariki, na mjane wake, Elizabeth, ndiye aliyekijenga upya. Hata Francis Pratt na Amos Whitney, ambao majina yao leo yako kwenye injini za ndege, walipitia mikononi mwa Colt wakiwa waajiriwa. Mtu wa vyuma akikaa Hartford, bastola zitamfuata tu, apende asipende.

Mimi sikuzipenda. Silaha niliyoiona kwa karibu utotoni ilikuwa gobore la wawindaji wa upande wa Handeni. Bastola ilikuwa kitu cha polisi na majambazi, ukiiona unainamisha kichwa. Kilichonivuta ni kilichomo ndani. Bastola ya Colt ya mwaka 1873, ambayo jeshi la Marekani liliichagua mwaka huohuo, haijikoki. Kila risasi unayotaka kupiga, sharti uvute nyundo nyuma kwa kidole gumba. Kifyatulio kina kazi moja tu, kuiachia nyundo ianguke. Huko kuvuta nyundo ndiko kunakozungusha silinda tundu moja mbele na kuifunga mahali pake, na kazi yote hiyo inafanywa na vipande vichache mno: nyundo, kifyatulio, kijiti kinachosukuma silinda, komeo linaloizuia, na springi. Sisi karakanani tulikuwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta. Hapa palikuwa na fundi wa enzi za mvuke aliyepata mwendo uleule kwa vyuma vinavyoenea kwenye kiganja.

Vuta nyundo ya Colt iliyo nzima, taratibu, na utasikia milio minne. Wa kwanza ni nyundo kukaa kwenye pengo la usalama. Wa pili ni pengo la nusu, ambapo silinda huzunguka kwa uhuru ili uitie risasi. Wa tatu ni komeo kuruka na kugonga silinda, na wa nne ni nyundo kukokika kabisa. Wakusanyaji wana utani kwamba bastola inajitaja jina, C, O, L, T. Mzee hakuwa na muda wa utani huo. Milio kwake ilikuwa vipimo. Alikuwa akinikalisha nimempa mgongo, anakoki, kisha anauliza ni nini kilichochoka. Mlio wa tatu ukitangulia mno, komeo linaachiwa mapema na kukwaruza silinda, na ndiyo sababu silinda nyingi za zamani zina mstari unaozizunguka. Ukichelewa, silinda inaweza kupita mahali pake kabla komeo halijaidaka. Wa kwanza usiposikika kabisa, pengo la usalama limevunjika, na hilo hutokea sana kwa kuwa kijino chake ni chembamba. Waliozibeba zamani walilijua hilo, wakawa wanatia risasi 5 kwenye matundu 6 na kuishusha nyundo juu ya tundu tupu.

Nikawa mtu wa minadani. Connecticut na Massachusetts zina minada ya vitu vya kale karibu kila mwisho wa wiki, na katikati ya saa za ukutani na vyombo vya kauri kuna bastola. Colt ilitoa zaidi ya 350,000 za mtindo huu kati ya 1873 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwa hiyo si adimu. Kilicho adimu ni ile ambayo haijachezewa. Mshahara wa karakana hauwezi kuinunua hiyo. Mimi nilizoea kusubiri mwisho wa mnada, wakati wenye fedha wamekwisha kuondoka na dalali anataja dosari za bidhaa kwa sauti ya kuomba radhi. Bastola moja ya namna hiyo ilitangazwa kuwa ni mchanganyiko: namba za vipande vyake hazilingani. Hakuna aliyenyanyua mkono, nikaipata kwa bei ya kutupa.

Namba ni jambo zito kwenye bastola hizi. Watu husema kiwanda cha Colt ndicho kilichofundisha dunia kutengeneza vipuri vinavyobadilishana, na kuna ukweli ndani yake, lakini ukifungua bastola yenyewe utaona tupa imepita. Kila kipande kilikamilishwa kwa mkono kiingiliane na jirani yake, ndipo vikapigwa namba ili visipotezane vikienda kutiwa rangi. Namba iko kwenye fremu, kwenye kikingio cha kifyatulio na kwenye mgongo wa kishikio. Kwenye zile za jeshi za mwanzo iko hata kwenye mtutu na silinda. Mkusanyaji akishika Colt, kabla hata ya kuuliza bei, anaigeuza tumbo juu na kusoma. Zikilingana, anatabasamu. Zikitofautiana, anairudisha mezani.

Mzee aliigeuza ya kwangu, akavaa miwani yake ya pili juu ya ile ya kwanza, akasoma kwa muda mrefu. Ubavuni palikuwa na tarehe tatu za hataza, ya mwisho ikiwa ya Januari 1875, pamoja na herufi U.S. za mali ya jeshi. Mtutu ulikuwa na urefu wa inchi tano na nusu, na aliinamisha mdomo wake kwenye taa kuonyesha kwamba uliwahi kuwa mrefu zaidi. Kwenye ubao wa kishikio, ndani ya muhuri uliokaribia kufutika, zilisomeka herufi tatu: RAC.

"Hii ingekuwa na namba zinazolingana," alisema, "ndipo ningeitilia shaka."

Maelezo yake niliyathibitisha baadaye vitabuni. Jeshi lilinunua bastola hizi zipatazo 37,000 kati ya 1873 na 1891, karibu zote zikiwa na mtutu wa inchi saba na nusu, kwa ajili ya askari wa farasi. Mwaka 1892 likahamia kwenye bastola mpya ya Colt inayojikoki, yenye risasi nyembamba zaidi. Zile za zamani zikarudi maghalani. Kuanzia 1895 maelfu ya hizo zilikusanywa, baadhi zikashughulikiwa katika kiwanda cha serikali cha Springfield, Massachusetts, na nyingine zikarudishwa kwa Colt wenyewe. Zilifunguliwa, mitutu ikakatwa kuwa inchi tano na nusu, vipande vizima vikachaguliwa na vibovu vikatupwa, kisha zikaunganishwa upya. Mafundi wa jeshi walikuwa na amri ya kutoa silaha zinazofanya kazi. Habari ya fremu ya 1876 kuolewa na kishikio cha 1884 haikuwahusu. Rinaldo A. Carr, mkaguzi, akapiga herufi za jina lake kwenye zilizofaulu. Zikapelekwa kwenye vita na Uhispania mwaka 1898, kisha Ufilipino, ambako risasi nyembamba za bastola mpya zilionekana dhaifu na askari wakafurahi kurudishiwa zile nzito za baba zao.

Kwa hiyo kile ambacho dalali alikiombea radhi ndicho kilichokuwa cheti cha kuzaliwa. Mchanganyiko ule ulifanywa na serikali, kwa muhuri, kwa sababu inayojulikana. Na mtu mwenye nia njema, anayetaka kila kitu kiwe kilivyokuwa, angeweza kutafuta kishikio chenye namba ya fremu, au mtutu mrefu wa kuurudishia urefu wake, akaifuta historia hiyo yote kwa jina la ukarabati.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja kabla ya kugusa chochote: hili ninaloliona ni dhara, au ni jambo lililotokea? Dhara linaendelea. Kutu nyekundu ni dhara, kwa sababu usiku wa leo itakula zaidi ya jana. Chuma kilichogeuka kahawia iliyokolea, kikatulia, ni jambo lililotokea. Springi iliyovunjika ni dhara. Mguso wa kidole gumba uliolainisha nyundo ni jambo lililotokea. Mikwaruzo ya ala ya ngozi kwenye mdomo wa mtutu haimuumizi mtu. Skrubu iliyoliwa kichwa itaendelea kuliwa kila inapofunguliwa.

Kwa swali hilo, kazi inayobaki huwa ndogo kuliko unavyofikiri, na ya polepole zaidi. Ya kwangu ilikuwa na mhimili wa silinda ulioganda kabisa ndani ya fremu. Nyundo na patasi vingeutoa kwa dakika moja. Sisi tuliutia mafuta, tukaupasha joto kidogo, tukauacha, tukarudia, mpaka siku moja ulipozunguka kwa vidole. Kutu nyekundu nilikuwa nikiisugua kwa pamba ya chuma iliyo laini kabisa iliyochovywa mafuta, eneo la ukucha mmoja kwa wakati, nikifuta na kutazama kwa kioo cha kukuzia, maana rangi iliyo chini yake ndiyo unayoitaka na usipoangalia utaiondoa pia. Pale ilipozama sana, kipande kilichemshwa katika maji yaliyotoneshwa. Kutu nyekundu ikichemka hugeuka nyeusi, oksidi iliyotulia isiyoendelea kula chuma. Ndani, springi ya komeo, ile bapa yenye vidole viwili, ilikuwa imekatika kidole kimoja, jambo la kawaida kwa aina hii. Nilitia mpya. Ile iliyokatika iko kwenye bahasha.

Raha ya fundi ipo kwenye vitu vidogo, na hapa ilikuwa skrubu moja isiyookoleka. Nilikereza nyingine kwa vipimo vyake, nikaing'arisha, kisha nikaitia rangi kwa moto. Chuma cha pua kilichosafishwa mpaka kikang'aa kina tabia ya kubadilika rangi kadiri kinavyopata joto: kwenye nyuzi 220 hivi kinakuwa manjano ya majani makavu, kinapita kahawia, kinaingia zambarau, na karibu na nyuzi 300 kinatokea buluu ambayo ukiiona hutaki kupepesa macho. Huna budi kuiondoa hapo hapo. Ukichelewa kidogo inafifia na kuwa kijivu, na unaanza upya na msasa. Mafundi wa Colt walizipa skrubu zao buluu hiyo kwa moto uleule. Nilipoiweka ya kwangu mahali pake, mzee aliitazama akasema imependeza mno, inasema uongo. Zile za jirani zake zilikuwa zimepauka kwa umri. Akanifundisha kuifubaza mpaka isigombane na wenzake, na upande wa ndani, usioonekana mpaka ufungue, nikachora alama ndogo inayosema kwamba skrubu hii si ya asili.

Alama ile ndogo ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu biashara hii imejaa changa la macho. Bastola ya kawaida ya raia ikipigwa U.S. ubavuni, bei inapaa. Namba ikifutwa na kupigwa nyingine inayoangukia kwenye kundi lililopelekwa kwa kikosi maarufu, bei inapaa zaidi. Wapo wanaochakachua ubao wa kishikio na kuuzeesha kwa chai na masizi. Mtazamaji mwerevu anajifunza kutazama kona na herufi. Fremu iliyotoka kiwandani ina kona kali na herufi zenye kingo. Iliyosagwa kwenye gurudumu la kung'arishia ina kona zilizolegea na herufi zinazoelea. Matundu ya skrubu yanakuwa na mabonde pembeni. Na hapa mlaghai na mpenda usafi wanafanana, kwani wote wawili hutumia gurudumu lilelile. Nimewaona watu wakileta bastola ya babu yao kwenye maonyesho, inang'aa kama sufuria jipya, wakitarajia sifa, na wanaojua wakatazama chini. Mng'ao ule umewagharimu sehemu kubwa ya thamani, na chuma kilichosagwa hakirudi.

Sisemi kwamba ukarabati kamili ni dhambi. Bastola ambayo mtu wa zamani alikwisha kuisaga na kuipaka nikeli haina tena cha kulindwa, na hapo fundi mkubwa anaweza kuifanyia mambo. Wapo Marekani mafundi ambao bado wanafukia fremu ndani ya makaa ya mifupa na ya kuni, wanaitia tanuruni, kisha wanaiangusha ndani ya maji, nayo inatoka na mawingu ya buluu, kahawia na manjano yasiyofanana na ya fremu nyingine yoyote. Nimesimama kando ya pipa la maji nikitazama kazi hiyo, na sina neno ila heshima. Ila fundi wa aina hiyo huandika alichokifanya, na mwenye bastola hupewa karatasi.

Suala zito zaidi halimo kwenye chuma. Mjomba wangu, aliyestaafu karakana ya reli Tanga, alizipata habari zangu kwa watu, akanipigia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia siku hizi unanunua bastola. Ulikwenda huko kutafuta riziki au kutafuta mauti?"

Nikamweleza kwamba ni za kale, kwamba ya kwangu ilitengenezwa kabla Mjerumani hajaanza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893, na kwamba sheria ya Marekani ya 1968 haizihesabu kuwa silaha za moto zile zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake.

"Inafyatua?"

"Inafyatua, mjomba."

"Basi ni bastola."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalipata lililo bora kuliko swali lake. Colt za mwaka 1873 zilikuwa mikononi mwa kikosi cha farasi cha kamanda Custer kwenye mapigano ya Little Bighorn mwezi Juni 1876, na Walakota na Wacheyenne, wenyeji wa asili wa Marekani, waliowashinda wakaziokota. Mwaka 1890, kikosi kilekile kiliua wanaume, wanawake na watoto wa Kilakota huko Wounded Knee. Askari weusi wa Kikosi cha Tisa na cha Kumi cha farasi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani au wazazi wao walikuwa watumwa, walibeba bastola hizihizi wakiwafukuza Waapache wa kiongozi Victorio jangwani. Mtu mweusi aliyetoka Afrika Mashariki akiishika fremu yenye U.S. ubavuni, akajiambia kwamba anashika ufundi tu, anajidanganya. Ya kwangu haina karatasi za kuonyesha ilikwenda wapi, nami sitaibunia safari. Lakini mahali fulani ilikwenda.

Nadhani ndiyo sababu nyingine ya kutoing'arisha. Bastola iliyorudishwa upya kabisa inaonekana kana kwamba haikuwahi kutumiwa, na hiyo ni namna ya kuisafishia jina. Iliyochakaa inabaki na ushahidi wake. Siku hizi vijana wa karakanani wanaokuja kutazama huniuliza iliua wangapi, kwa macho yanayometameta. Ninaifungua mbele yao, kipande kwa kipande, nawaonyesha namba zisizolingana na kwa nini hazilingani, na mazungumzo yanahama kutoka kwenye sinema na kuingia kwenye mambo yaliyotokea kweli. Siipigi risasi. Colt haikuidhinisha baruti isiyo na moshi kwa bastola hizi mpaka 1900, na chuma cha zamani hakistahili kujaribiwa kwa risasi za kisasa. Anayetaka kulenga shabaha kuna nakala za Italia zinazotengenezwa kwa kazi hiyo. Ya kwangu inakaa tupu kabatini, chini ya kufuli, imefutwa kwa mafuta.

Mzee amekwisha kuacha kazi, macho yamemchosha, na baadhi ya zana zake ziko kwangu. Nilichokichukua zaidi ya zana ni daftari. Kila bastola inayopita mezani pangu ina ukurasa wake: ilivyofika, namba zote nilizozikuta, kilichotolewa, kilichotiwa, kilichoachwa kwa makusudi na sababu yake. Nakala inakwenda na bastola, pamoja na bahasha ya vipande vya zamani. Wauzaji wawili watatu wameniambia kwamba karatasi hiyo inawapunguzia bei, kwa kuwa inamwambia mnunuzi kwamba springi ni mpya na skrubu si ya asili. Ni kweli inapunguza. Anayetaka fundi asiyeandika atampata bila shida, na pengine kwa bei nafuu. Kwangu mimi bastola haitoki bila ukurasa wake.